Kitovu cha Rais na Mfuko wa Hazina

Imekuwa ada katika nchi yetu, kila Rais mpya anapokula kiapo, watu kuulizana kijiji alikozaliwa kabla hawajaulizana anakusudia kutenda nini. Na swali hilo, ambalo kwa sura lina adabu ya kumjulia hali mgeni, aghalabu lina hesabu ndani yake: lami itapita wapi, hospitali itajengwa wapi, na nani atapewa cheo kwa kuwa kitovu chake kilizikwa jirani na cha mkubwa.

Mwalimu Nyerere alizaliwa Butiama mwaka 1922, miongoni mwa Wazanaki, kabila dogo la Mara. Benjamin Mkapa alitoka Lupaso, Masasi. Jakaya Kikwete ni wa Msoga, John Magufuli wa Chato, na Rais Samia wa kusini mwa Unguja. Moshi na Bukoba, zilizotangulia kwa shule na kahawa, hazijatoa Rais hata mmoja, jambo ambalo mahodari wa hesabu za ukabila hawajatufafanulia.

Lakini wa kutazamwa kwa makini ni Mzee Ali Hassan Mwinyi. Alizaliwa mwaka 1925 Kivure, katika Mkuranga ya leo, upande wa bara. Akavushwa bahari angali mtoto kwenda kutafuta elimu Unguja, akasoma Mangapwani na Dole, kisha akarudi Mangapwani kuwa mwalimu na hatimaye mwalimu mkuu. Mwaka 1984 akawa Rais wa Zanzibar, na mwaka uliofuata akaupokea urais wa Muungano akihesabiwa kuwa mtu wa Visiwani, wala kuzaliwa kwake Kivure hakukumzuia. Alipofariki Februari 2024 alizikwa Mangapwani. Kwa insafu, basi, kijiji chake ni kipi: kile kilichomzaa, au kile kilichomfunza kusoma na baadaye kumpa ubao na chaki? Mimi nasema cha pili, na wanaochora ramani ya upendeleo kwa kufuata mahali pa kuzaliwa hawana jibu la mtu kama huyu.

Chato ni habari nyingine. Katika miaka ya utawala wa Magufuli mji huo mdogo ulipata uwanja wa ndege, ukaanza kujengewa hospitali ya rufaa ya kanda, na jina lake likaunganishwa na la Burigi katika hifadhi ya taifa iliyotangazwa mwaka 2019. Watetezi walisema kwamba magharibi ya ziwa ilisahauliwa muda mrefu, na hoja hiyo si ya kupuuzwa, kwani mgonjwa wa Chato ana haki sawa na mgonjwa wa Dar es Salaam. Kinachonikera ni kwamba Biharamulo na Ngara ni magharibi hiyo hiyo, na usahaulifu ule ulianza kutibiwa pale pale alipozaliwa mwenye madaraka. Mwalimu alitawala zaidi ya miaka 20, na Butiama ikabaki kijiji, makao ya mkoa yakiwa Musoma. (Huko Kongo, Mobutu alizaliwa Lisala, lakini fahari zote, pamoja na njia ya ndege iliyoweza kupokea Concorde, alizipeleka Gbadolite, maskani ya wazee wake, kumbe hata kitovu si lazima, nasaba inatosha.)

Simlaumu Rais kupapenda kwao, wala wanakijiji kumpokea mtoto wao kwa vigelegele na ngoma. Ninalotaka ni dogo: kila mwaka Serikali ipeleke Bungeni waraka mmoja unaoonyesha fedha za miradi zilizotumika katika wilaya anakotoka Rais, na kando yake zile za wilaya zinazopakana nayo, shilingi kwa shilingi. Kama tofauti ina sababu njema, waziri mhusika aisimamie mbele ya wabunge wa hizo wilaya jirani.