Nywele kukataa kurefuka: Mtaka uzuri si lazima adhurike

Na Daktari Wetu

MSOMAJI mpendwa, leo naanza kwa kukiri kosa.

Miaka kadhaa iliyopita aliingia katika chumba changu cha matibabu mama mmoja wa umri wa miaka 34, mfanyakazi wa ofisi hapa jijini Nairobi. Alikuwa amekuja kwa sababu ya kuumwa na kichwa. Nilipomaliza kumwandikia dawa, alisita mlangoni, kisha akasema kwa sauti ya chini: "Daktari, kuna jambo jingine, ingawa naona haya kulisema. Nywele zangu zimekataa kurefuka. Kila nikichana, zinabaki kwenye kichana."

Nilicheka. Hakikuwa kicheko cha dharau, lakini alikisikia. Nikamwambia kwamba hilo ni jambo la saluni wala si la daktari, atafute mafuta mazuri na asijisumbue. Foleni nje ilikuwa ndefu.

Baada ya miezi mitano nikapata habari zake. Alikuwa ameanguka kazini na kukimbizwa hospitalini. Alipopimwa damu, himoglobini yake ilikuwa 6, ilhali mwanamke anatakiwa kuwa na 12 au zaidi. Kumbe alikuwa na uvimbe katika kizazi uliokuwa ukimtoa hedhi nyingi mno, mwezi baada ya mwezi, kwa zaidi ya mwaka mmoja. Tena alikuwa akitafuna mawe ya odowa kila siku, na hakuna aliyemwuliza. Kichwa kuuma, nywele kung'oka, hamu ya odowa: zote zilikuwa dalili za ugonjwa mmoja. Mbili kati ya hizo aliziweka mezani pangu. Moja nikaiandikia dawa ya maumivu, nyingine nikaicheka.

Alitibiwa akapona. Lakini tangu siku hiyo sijamcheka mtu yeyote anayelalamikia nywele zake, na ndiyo sababu ya kuandika makala haya.

JE, KWELI HAZIOTI?

Malalamiko ninayoyasikia mara nyingi ni haya: "Daktari, nywele zangu hazikui. Zilifika hapa shingoni miaka mitatu iliyopita, na hadi leo ziko papo hapo."

Hebu tulitazame jambo hili polepole. Nywele za kichwani hukua kwa kadiri ya sentimita moja kwa mwezi. Za sisi Waafrika hukua polepole kidogo kuliko hivyo. Kwa mwaka, basi, mtu anaweza kutarajia sentimita tisa au kumi hivi. Kila unywele hukua kwa miaka miwili hadi sita, hupumzika kwa miezi kama mitatu, kisha huanguka na mwingine kushika nafasi yake. Kuona nywele 50 hadi 100 zikianguka kwa siku ni kawaida.

Sasa jiulize: ukitia dawa ya kulainisha nywele, kwa nini unalazimika kurudi saluni baada ya wiki nane? Ni kwa sababu nywele mpya zimeota chini, ngumu na zenye kujikunja. Basi zinakua! Shida ni kwamba kwa kila sentimita inayoota kwenye shina, nyingine inakatika kwenye ncha. Ni kama mtu anayejaza mtungi uliotoboka. Haimsaidii kuongeza maji kabla ya kuziba tundu.

Nywele zetu zina tabia zake. Unywele uliojikunja huwa dhaifu pale unapojipinda, na hapo ndipo hukatika. Mafuta yanayotoka kwenye ngozi ya kichwa nayo hushindwa kuteremka hadi nchani, kwa hivyo ncha hukauka. Isitoshe, nywele zikijikunja huonekana fupi sana kuliko zilivyo.

Hapa Kenya kuna jambo jingine. Wasichana wengi husoma katika shule zinazowataka wanyoe au wakate nywele ziwe fupi kabisa. Msichana humaliza Kidato cha Nne akiwa na miaka 17 au 18 bila ya kuwahi kufundishwa namna ya kutunza nywele ndefu. Mwaka huo huo anasukwa, anatiwa dawa ya kulainisha, anashonewa nywele za bandia, yote kwa pamoja. Akifika miaka 25 anashangaa kwamba nywele za mbele zimeanza kurudi nyuma.

NYWELE ZINAPOVUTWA

Hapa ndipo penye madhara makubwa zaidi, na ndipo ninapotaka unisikilize vizuri.

Nenda Kenyatta Market siku ya Jumamosi. Utawakuta wasusi wawili, watatu au wanne wakishughulikia kichwa kimoja, na mwenye kichwa ameuma meno. Akilalamika huambiwa avumilie. Wahenga nao wanamtia moyo: mtaka uzuri hudhurika. Mimi nawaheshimu wahenga, lakini katika jambo hili siwaungi mkono.

Unywele unaovutwa mfululizo huilegeza na kuichosha sehemu ya ngozi inayouotesha. Mwanzoni utaona vipele vidogo kwenye paji la uso na juu ya masikio. Utahisi maumivu, mwasho, au kichwa kuwa kizito. Baadaye nywele za ukingoni huwa nyembamba na fupi. Ukiacha kuzivuta katika hatua hiyo, nyingi zitarudi. Lakini ukiendelea kwa miaka, shina hufa na mahali pake pakawa kovu. Ngozi huwa laini, inang'aa, na haina vitundu vya nywele. Hapo hakuna mafuta, wala vitunguu, wala dawa yangu inayoweza kuotesha kitu.

Jambo hili halikuanza jana wala si la Waafrika pekee. Mapema katika karne ya 20, daktari mmoja wa Austria aliueleza ugonjwa huu baada ya kuuona kwa wanawake wa Greenland waliozoea kufunga nywele zao kwa kuzikaza sana. Lakini sisi tumepata sehemu kubwa ya mzigo. Profesa Nonhlanhla Khumalo na wenzake huko Cape Town, Afrika Kusini, walipowachunguza wanawake wazima waliwakuta karibu mmoja kati ya kila watatu akiwa na dalili zake. Waligundua pia kwamba hatari huzidi nywele zinaposukwa au kushonewa baada ya kutiwa dawa ya kulainisha.

Watoto nao hawakusazwa. Binti yangu, alipokuwa na miaka saba, alirudi kutoka kusukwa Jumamosi moja kabla ya shule kufunguliwa. Usiku akaja kitandani kwetu akilia: "Baba, siwezi kulala, kichwa kinavuta." Mama yake na shangazi yake wakasema kitazoea baada ya siku mbili. Nilipowasha taa niliona vipele vimejipanga kwenye paji lake kama shanga. Nilikaa naye hadi saa sita za usiku nikifungua mistari ya mbele mmoja mmoja, kwa vidole visivyojua kazi hiyo. Jumatatu alikwenda shule akiwa na nusu kichwa kimesukwa. Wenzake walimcheka, lakini nywele zake za mbele anazo hadi leo.

UTOSINI

Kuna ugonjwa mwingine unaoanzia katikati ya kichwa, utosini, na kutambaa kuelekea pembeni kama duara linalopanuka. Huwapata zaidi wanawake wenye asili ya Afrika, hasa waliopita umri wa miaka 30. Wengine huhisi mwasho au kuchomeka, wengine hawahisi chochote. Nao huacha makovu. Zamani ulilaumiwa kwa kichana cha moto peke yake. Mnamo 2019 watafiti walionyesha kwamba baadhi ya wagonjwa wana kasoro ya kurithi katika jeni inayohusika na kuunda unywele. Kwa hivyo, kama mama yako au dada yako ana upara utosini, usisubiri. Dawa zipo za kuusimamisha, lakini hazifufui shina lililokwisha kufa.

UGONJWA ULIOJIFICHA

Wakati mwingine nywele hazina kosa lolote, ila zinatoa taarifa ya mwili. Upungufu wa madini ya chuma, kama ule wa mama yule, ni mfano mmoja. Tezi ya shingo isiyofanya kazi sawasawa ni mfano mwingine, hasa ikiwa unachoka, unasikia baridi, na uzito unabadilika bila sababu. Kaswende nayo huweza kunyofoa nywele mabaka mabaka.

Baada ya kujifungua, kufanyiwa upasuaji, kuugua homa kali au kupunguza uzito kwa haraka, nywele nyingi huweza kuanguka kwa pamoja miezi miwili hadi minne baadaye. Akina mama wengi hushtuka na kudhani mtoto ndiye "anayenyonya nywele". La hasha. Nywele hizo kwa kawaida hurudi zenyewe katika muda wa miezi sita hadi mwaka mmoja.

Na mtoto mwenye mabaka yenye magamba kichwani huenda ana mashilingi. Hayo hutibiwa kwa dawa ya kumeza, kwa sababu krimu ya kupaka haifiki ndani ya unywele ulimojificha ukungu wake.

CHUPA NA VIDONGE

Nimewaona wagonjwa waliotumia pesa nyingi kununua mafuta ya kila rangi, lakini hawajawahi kupimwa damu, kipimo cha bei nafuu kuliko chupa mbili za mafuta hayo. Mafuta yanaweza kulainisha nywele na kuzipunguzia kukatika. Hayawezi kulisha shina.

Vidonge vya biotini navyo vimekuwa mtindo. Watu wasio na biotini ya kutosha ni wachache mno. Zaidi ya hayo, mnamo 2017 idara ya Marekani inayosimamia chakula na dawa ilionya kwamba biotini nyingi mwilini inaweza kuharibu matokeo ya vipimo vya maabara, vikiwemo vya moyo. Ukivitumia, mwambie daktari kabla hajakupima.

Kuhusu dawa za kulainisha nywele, utafiti uliochapishwa Marekani mnamo 2022 uliwafuata wanawake zaidi ya 33,000 kwa karibu miaka 11. Wale ambao hawakuzitumia, makadirio ni kwamba asilimia 1.64 wangepata saratani ya kizazi, ile ya mji wa mimba wala si ya mlango wake, kufikia umri wa miaka 70. Kwa waliozitumia mara kwa mara ilikuwa asilimia 4.05. Utafiti huo hauthibitishi kwamba dawa ndizo zilizoleta saratani, na hatari yenyewe bado ni ndogo. Hata hivyo, inatosha kumfanya mtu apunguze.

USHAURI WANGU

Kwanza, maumivu si sehemu ya ususi. Mwambie msusi alegeze, hasa mbele, na nywele za kuongezea zisiwe nzito. Msusi hodari anaweza kusuka bila kumliza mtu.

Pili, usikae na nywele zilizosukwa zaidi ya wiki sita hadi nane, na ukifungua ziache zipumzike wiki mbili au zaidi. Usisuke nywele zilizotiwa dawa juzi. Epuka gundi ya wigi kwenye ukingo wa nywele.

Tatu, osha nywele kila baada ya wiki moja au mbili, zichane zikiwa na unyevu na kondishena, kwa kichana chenye meno mapana, ukianzia nchani kwenda kwenye shina. Lala ukiwa umejifunga kitambaa cha satini. Punguza moto.

Nne, mwone daktari ukiona upara utosini, ngozi inayong'aa, vipele vyenye usaha, nywele zinazoanguka kwa mafungu, au ikiwa hedhi yako ni nzito na unachoka. Madaktari bingwa wa ngozi ni wachache na wengi wao wako Nairobi na miji mikubwa, lakini daktari wa kawaida anaweza kuanza kwa kukuuliza maswali, kukupima damu na kukuandikia barua ya kwenda kwao.

Na ninyi madaktari wenzangu, mwombeni mgonjwa avue kitambaa. Ni kazi ya dakika moja. Mimi niliinyima dakika hiyo kwa sababu ya foleni, na mtu nusura apoteze maisha.

Msomaji mpendwa, ukitoka kwa msusi leo na kichwa kinauma hata huwezi kukunja uso, usimeze dawa ya maumivu ukalala. Rudi akufungue leo hii. Pesa ulizomlipa utazipata tena mwisho wa mwezi. Shina likifa halirudi.