Paa Hutengenezwa Wakati wa Jua



Mvua ikianza kunyesha usiku, katika nyumba nyingi za vijijini kazi huanza. Mama huamka kutafuta sufuria. Baba husogeza kitanda. Watoto huhamishiwa pembe iliyo kavu, na gunia la mahindi huvutwa katikati ya chumba. Asubuhi jua likitoka, sufuria hurudi jikoni, wala hakuna azungumzaye habari za paa tena mpaka mvua nyingine. Hivyo mwaka unapita, na wa pili, na tundu lililokuwa la msumari mmoja linakuwa la kupitisha mkono.

Wazee walisema: Usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa mambo ya paa, methali hii si mfano tu, ni habari yenyewe. Nyumba zetu nyingi ni za udongo au za tofali mbichi. Tone likiingia juu ya ukuta, halionekani chumbani. Linashuka ndani ya ukuta polepole. Tofali linalainika, boriti lililolala juu yake linaoza, mchwa wanapata unyevu waupendao. Siku moja ukuta unavimba, kisha unaanguka, na pengine watu wamelala ndani. Watu watasema mvua imeiangusha nyumba. Sivyo. Mvua imemaliza tu kazi iliyoanzishwa na kuchelewa.

Basi leo tusemezane juu ya paa: kulichagua, kulitunza na kuliziba.

NYASI AU BATI?

Wengi siku hizi huona haya kulala chini ya nyasi. Haifai kuona haya. Paa la nyasi lililoezekwa vizuri ni baridi mchana, halipigi kelele wakati wa mvua, na fundi wake ni wa hapo hapo kijijini. Lakini lina masharti yake. Lazima lisimame. Kwa kila futi 1 unayotoka ukutani kwenda katikati ya nyumba, paa lipande futi 1. Likilala kuliko hivyo, maji hukaa ndani ya nyasi, nazo huoza. Nyasi zikatwe zikiwa zimekomaa na kukauka, kabla moto wa mbuga haujapita. Na adui yake mkubwa ni moto. Fyeka majani kuizunguka nyumba, na jiko lijengwe mbali kidogo.

Labda utasema: “Moshi wa jiko hufukuza wadudu katika nyasi.” Ni kweli, wazee waliliona jambo hilo. Lakini moshi ule ule huingia katika vifua vya mama na watoto. Afadhali kubadili nyasi mapema kuliko kuugua kifua.

Ukichagua bati, jua kwanza linavyofanya kazi. Mwaka 1829 mhandisi Mwingereza, Henry Robinson Palmer, alipata hati ya uvumbuzi wa bati la mikunjo. Mwaka 1837 Stanislas Sorel wa Ufaransa alipata hati ya njia ya kuvika chuma zinki. Mambo hayo mawili ndiyo nguvu ya bati mpaka leo: mikunjo hulipa ugumu, na zinki hulilinda na kutu. Siku hizi mengine huvikwa zinki pamoja na alumini, na mengine hupakwa rangi juu yake, lakini maana ni ile ile. Ukibonyeza mikunjo au ukikwaruza lile vazi, umeliharibu bati hata kama ni jipya.

Dukani usiangalie kung’aa, wala rangi. Uliza geji. Hapa wengi hudanganyika, kwa sababu hesabu yake ni ya kinyume: namba ikiwa kubwa, bati ni jembamba. Geji 28 ni nene kuliko geji 30, na geji 30 ni nene kuliko geji 32. Tafuta alama ya Shirika la Viwango, TBS, na uombe risiti iliyoandikwa geji uliyolipia. Kama mabati mawili ya urefu na upana mmoja yanasemwa kuwa ni ya geji moja, na moja ni jepesi sana mkononi, usinunue kabla hujapata maelezo.

Sasa nawaambia jambo ambalo wengine hawatalipenda. Mtu akiwa na fedha kidogo hujenga nyumba kubwa ili majirani waione, kisha huiezeka kwa bati jembamba kuliko yote. Afadhali nyumba ndogo yenye bati nene. Nyumba ndogo inaweza kuongezwa chumba mwaka mwingine. Bati jembamba haliongezeki unene.

Hebu tupige hesabu. Tuseme nyumba ina urefu wa futi 26 na upana wa futi 15. Ukiongeza upenu wa futi 2 kila upande, paa linafunika futi 30 kwa 19. Ukilipandisha futi 1 kwa kila futi 3, bati la futi 10 linatosha kutoka juu mpaka kwenye upenu bila kuungwa. Mahali pasipoungwa hapavuji. Bati halifuniki upana wake wote, maana hulaliana. Kwa hiyo muulize mwenye duka linafunika kiasi gani baada ya kulaliana. Kama ni futi 2 na nusu, utahitaji mabati 12 kila upande, yaani 24, pamoja na kofia za juu. Fanya hesabu hii kabla hujachimba msingi. Wengi hujenga kuta kwanza, halafu wanagundua kwamba mabati yamepungua kwa inchi 6 tu.

Upenu huo wa futi 2 usiupunguze kwa kubana fedha. Ndio mwavuli wa ukuta wako wa udongo.

SIKU YA KUEZEKA

Baba mwenye nyumba, siku hiyo usiende safari. Kaa na fundi, uangalie mambo haya.

Kwanza, mbao. Ziwe kavu na zimepakwa dawa ya mchwa. Papi zisiachane zaidi ya futi 3, na bati likiwa jembamba zikaribiane zaidi.

Pili, kufunga. Upepo hauondoi bati peke yake. Mara nyingi huondoa bati pamoja na kenchi. Kila kenchi ifungwe kwa waya mzito uliopita chini ya kozi nne au tano za matofali. Waya huu huwekwa wakati ukuta unapojengwa, si baadaye. Kuweka mawe au magurudumu ya gari juu ya paa si dawa. Chini ya jiwe hukaa takataka na unyevu, na hapo ndipo kutu huanzia.

Tatu, misumari. Bati lina migongo na mabonde. Msumari hupigwa kwenye mgongo, kwa sababu maji hupita bondeni. Tumia misumari ya bati yenye kofia pana na mpira chini yake. Isipigwe kwa nguvu mpaka mgongo ukabonyea, maana utakuwa umetengeneza kisima kidogo. Kwenye upenu na chini ya kofia, misumari iwe mingi kuliko katikati, kwa kuwa upepo huanza kuinua pembeni.

Nne, kulaliana. Ubavuni, bati lilalie mwenzake kwa mikunjo miwili. Anzeni kuezeka kutoka upande usiotoka upepo mkali wa mvua, ili midomo ya mabati isiuelekee.

Na kama mabati yamefika kabla mbao hazijawa tayari, yasimamishe mahali pakavu. Yakirundikwa yakiwa na maji katikati, huota kutu nyeupe hata kabla hayajapanda juu.

KULIKAGUA

Paa likaguliwe mara moja kila mwaka, wakati wa kiangazi. Kwenye nchi zenye vuli na masika, yaani pwani na kaskazini, kagua pia mvua za vuli zikiisha. Kwenye nchi zenye msimu mmoja, kama magharibi na kusini, kagua kabla ya Novemba.

Huna haja ya kupanda kwanza. Saa sita mchana funga milango na madirisha, ukae ndani gizani kidogo. Kila tundu litaonekana kama nyota. Waite watoto, macho yao ni makali. Weka alama ya mkaa kwenye papi iliyo karibu. Lakini ujue kwamba tone linapoangukia sipo lilipoingilia. Maji huingia juu, yakafuata ubao, kisha yakadondoka mbali. Kwa hiyo tafuta tundu upande wa juu wa lile tone.

Tazama pia mbao. Zichome kwa ncha ya kisu. Kikiingia bila taabu, ubao umeoza au umeliwa. Ukiona njia ya udongo ya mchwa ukutani, usiifute tu. Ifuate mpaka uone inakokwenda.

KULIZIBA

Msumari uliolegea usiupige tena katika tundu lile lile. Ung’oe, uweke mwingine mnene zaidi wenye mpira, au uupige pembeni na tundu la zamani uzibe kwa lami au gundi ya kuzibia mabati.

Kutu ikiwa bado juu juu, isugue kwa brashi ya waya, oshea, acha pakauke kabisa, kisha paka rangi ya kuzuia kutu.

Tundu likiwa kubwa, kata kipande cha bati lenye mikunjo ya namna ile ile. Upande wake wa juu uingie chini ya bati au kofia iliyo juu yake, na upande wa chini ukae juu ya bati bovu, kama magamba ya samaki. Usikandike saruji juu ya bati. Bati hutanuka kwa jua na kunywea usiku, saruji hupasuka, na ikiwa mbichi huila zinki.

Paa la nyasi hupachikwa matita mapya mahali palipokonda, ukianzia chini kwenda juu. Mgongo wa paa uangaliwe zaidi, kwa kuwa ndio huchoka mapema.

HATARI MBILI

Ya kwanza ni kuanguka. Usipande paa limelowa wala upepo ukivuma. Ngazi ikiwa na kimo cha futi 12, mguu wake uwe futi 3 kutoka ukutani, na mtu aishike chini. Juu ya bati kanyaga penye mstari wa misumari, maana chini yake pana papi. Wazee na watoto wasipande.

Ya pili ni asbesto. Baadhi ya majengo ya zamani yana vigae vya kijivu vya saruji iliyochanganywa na asbesto. Vikivunjwa au kukatwa kwa msumeno hutoa vumbi lisiloonekana, ambalo likiingia mapafuni laweza kuleta kansa miaka mingi baadaye. Jengo la namna hiyo likibomolewa, usiombe vipande upeleke nyumbani kuezekea jiko au banda la kuku. Usivikanyage pia, maana huvunjika ghafula. Kazi hiyo waachiwe wenye vifaa, na halmashauri ipewe habari.

FAIDA YAKE

Paa zuri halizuii maji tu, huyaleta. Mvua ya milimita 1 juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1. Nyumba tuliyoihesabu inafunika mita za mraba kama 50. Mvua moja ya milimita 20 huiangushia lita 1,000, yaani ndoo 50 za lita 20. Hata zingine zikimwagika, mama anayekwenda kisimani kila asubuhi anajua maana ya ndoo hizo. Weka mfereji kwenye upenu na pipa lenye mfuniko. Maji ya mvua ya kwanza yaache yapite, kwa sababu yameosha vumbi na mavi ya ndege. Ya kunywa yachemshwe.

Sasa, ndugu msomaji, usilikunje gazeti hili ukasema: “Nimesikia.” Jumapili hii saa sita mchana funga madirisha, uhesabu nyota za nyumba yako. Wiki hii nunua misumari inayolingana na hesabu hiyo. Ukimaliza kwako, uliza habari za mjane aliye jirani yako, ambaye hana wa kumpandia ngazi. Tundu lake ni kazi ya nusu saa kwa kijana mwenye nyundo. Msingoje mvua iwaite.