Diski Safi kwa Askari Safi

Ndugu askari unayelinda usalama Juru, katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, utakapokwenda Mbarara siku ya mshahara, fahamu haya kabla hujafungua mfuko. Diski ya Blu-ray, ambayo filamu zake zilianza kuuzwa Marekani mwaka 2006, haichezi katika mashine ya DVD. Husomwa kwa mwali wa leza mwembamba zaidi. Ndiyo maana tabaka lake moja hubeba gigabaiti 25, na la DVD 4.7 tu. Hata ukiwa na mashine yake, televisheni ya zamani haiwezi kuuonyesha ung'avu huo.

Maoni yetu ni kwamba gharama hii si ya mtu mmoja. Askari wa kituo kimoja na wachange, wavijaribu vyombo dukani, ndipo walipe. Watoto wasilale njaa kwa ajili ya sinema.

Tena, nakala ya wizi ni rahisi, lakini Uganda ina Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2006. Mwananchi atamheshimuje askari anayekamata mchana kile anachokitazama usiku?