Cheti cha Damu Kisiwe Kizuizi cha Ndoa



Katika vikao vyetu imezuka hoja kwamba wachumba wasitangaziwe ndoa kanisani mpaka walete cheti cha kipimo cha selimundu. Tunaujua uchungu ulioizaa hoja hiyo. Yakadiriwa kuwa watoto wapatao 11,000 huzaliwa na ugonjwa huu kila mwaka nchini Tanzania, na wengi wetu tumekesha wodini na mtoto anayelia kwa maumivu ya mifupa. Hata hivyo, hoja hiyo twaipinga.

Aliyerithi kinasaba cha selimundu kwa mzazi mmoja tu si mgonjwa. Ni mbebaji, na aweza kuzeeka bila kujua. Wabebaji wawili wakioana, kila mimba ina nafasi 1 katika 4 ya kuleta mtoto mgonjwa. Kila mimba, twasisitiza: si kwamba akishazaliwa mgonjwa mmoja, watatu wanaofuata wamesalimika.

Sasa cheti hicho kikifika mezani petu, nani atakisoma? Na akishakisoma, nani atamfunga mdomo? Tunaifahamu mitaa yetu. Kijana ataposa kwingine. Binti atabaki na jina la "mwenye damu mbaya", na mdogo wake naye hataposwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 baadhi ya majimbo ya Marekani yaliwalazimisha watu weusi kupimwa selimundu, na wabebaji wenye afya njema wakanyimwa kazi na bima.

Isitoshe, kanuni ya 1058 ya Sheria ya Kanisa yasema wote wasiokatazwa na sheria waweza kufunga ndoa. Ugonjwa wa kurithi haumo katika vizuizi, na kuongeza kizuizi ni kazi ya mamlaka kuu ya Kanisa peke yake. Paroko hana uwezo huo, sembuse sisi wajumbe wa halmashauri.

Kupima kwenyewe twakuhimiza: kwa hiari, kabla ya mahari, wote wawili wala si binti peke yake, na majibu wapewe wao tu, na mtaalamu anayejua kuyaeleza. Wakiachana, waachane kwa siri yao. Wakioana, mtoto apimwe mara azaliwapo, maana penisilini, chanjo na haidroksiurea huokoa maisha.

Hoja itakaporudi kikaoni tutaikataa. Badala yake tutaomba mfuko wa nauli ya kliniki kwa watoto wagonjwa ambao tayari tunao.