UCHAMBUZI: Duran, Carroll wamekimbia bure?

Msimu wa besiboli Marekani wa 2024 umeisha, na kama kawaida stori ni ya wababe wa kuutoa mpira nje ya uzio. Aaron Judge wa New York Yankees kafanya hivyo mara 58, Shohei Ohtani wa Los Angeles Dodgers mara 54. Timu zao zikakutana fainali, Dodgers wakabeba ubingwa kwa mechi 4-1.

Jarren Duran wa Boston Red Sox na Corbin Carroll wa Arizona Diamondbacks walikuwa nyumbani wanatazama kwenye runinga. Hao ndio vinara wa mapigo ya beisi tatu, kila mmoja 14.

Kwa ambao hawaufuatilii mchezo huu, mpira ukivuka uzio mpigaji anazunguka beisi zote taratibu, hakuna wa kumgusa. Ukibaki ndani, lazima atimue mbio. Kufika beisi ya tatu ni kama mita 82, tena anakata kona mbili, huku wapinzani wakiuwahi mpira waurushe kabla hajafika. Akichelewa hatua moja tu, katolewa. Judge, pamoja na ubabe wake wote, aliweza mara moja tu msimu mzima.

Si kasi peke yake. Wote wawili wanapigia kushoto, upande ulio karibu zaidi na beisi ya kwanza. Viwanja vyao navyo vinawabeba. Fenway Park na Chase Field vina sehemu ambazo uzio uko mbali, mpira ukidondokea huko anayeufuata ana safari.

Zamani mapigo haya yalikuwa mengi. Mwaka 1912 Chief Wilson wa Pittsburgh alipiga 36, rekodi ambayo haijaguswa hadi leo. Siku hizi wapigaji wengi wanatafuta kuuvusha mpira, na kuifuata beisi ya tatu kunaonekana kamari.

Sasa wapo watakaosema mbio hazileti kombe. Boston wameshinda mechi 81 na kupoteza 81. Arizona wameshinda 89, wakalingana na timu mbili za New York Mets na Atlanta Braves, wakatupwa nje kwa kanuni ya kutenganisha timu zilizolingana.

Lakini hebu tuangalie namba. Arizona ndiyo timu iliyofunga pointi nyingi kuliko zote msimu huu, 886. Mabingwa Dodgers wamefunga 842. Shida ya Arizona ilikuwa nyuma, maana wameruhusu 788. Warushaji wao walivuja kama ukuta usio na beki wa kati.

Kwa hiyo Arizona wasihangaike kumtafuta Judge wao. Winga katimiza kazi yake, mzigo wa kipa asibebeshwe. Wasajili warushaji.