INZI MGENI ASINGOJEWE MLANGONI

Wako watu wasemao ya kwamba stroberi, rasiberi na bluberi ni matunda ya meza za hoteli, na kwa hiyo mdudu ayashambuliaye hastahili kuwasumbua watu wazima. Maneno hayo twayakataa. Mdudu haulizi tunda ni la tajiri au la maskini, na huyu tumtajaye leo hali matunda hayo peke yake.

Jina lake la kitaalamu ni Drosophila suzukii. Asili yake ni Asia ya Mashariki, na Wajapani walimwona katika cheri zao tangu mwaka 1916. Ni inzi mdogo mno, wa milimita mbili au tatu, na dume ana doa jeusi katika kila bawa. Ni ndugu wa wale wadogo tuwaonao jikoni wakizunguka ndizi zilizoiva kupita kiasi. Lakini ndugu zake hungoja tunda lianze kuoza, yeye hangoji. Jike ana chombo cha kutagia chenye meno kama msumeno, ambacho hupasua ngozi ya tunda zima likiwa bado mtini na kuacha yai ndani. Mkulima achumapo, nje tunda ni zuri, ndani ni funza. Jike mmoja aweza kutaga mayai 300 na zaidi, na hali ya hewa ikimfaa, kizazi kipya hupatikana kwa majuma mawili hivi.

Mwaka 2008 alionekana California, nchini Marekani, na mwanzoni akadhaniwa kuwa inzi wa kawaida asiyedhuru. Mwaka 2009 alikuwa amekwisha kuonekana Oregon, Washington, Florida, na hata Kanada. Mwaka mmoja tu wa kudhani ulitosha.

Nasi hatuwezi kusema kuwa yuko mbali. Taarifa ya wataalamu iliyochapishwa mwaka 2021, miongoni mwao watafiti wa kituo cha icipe cha Nairobi, ilieleza kuwa amekwisha kupatikana nchini Kenya. Kutoka huko hadi Holili au Namanga si safari ya bahari. Tenga moja la matunda laweza kumvusha, wala afisa wa mpakani hatamwona, maana yumo ndani ya tunda.

Je, akivuka atakaa? Hili ndilo swali lenye uzito. Joto likifika nyuzi 30 uzazi wake hudhoofika, kwa hiyo watu wa Pwani wana nafuu. Lakini Lushoto, Njombe, na miteremko ya Kilimanjaro na Meru ina ubaridi aupendao. Huko ziko plamu na pichi, nazo hazisalimiki kwake. Tena kando ya misitu yameota matunda-mwitu ya miiba wachumayo watoto, jamaa ya rasiberi, yasiyo na mwenyewe. Humo atajihifadhi wakati mashamba hayana tunda. Kwa maoni yetu hatari kubwa imo katika vichaka hivyo kuliko katika shamba lolote la stroberi, na ye yote apimaye hatari hii kwa kuhesabu ekari za stroberi tu amepima kwa kipimo kibovu.

Hatusemi haya kwa kuwatia watu hofu. Dumuzi wa mahindi, mgeni kutoka Amerika, alianza kuonekana Tabora mwishoni mwa miaka ya 1970, na wakulima wakambandika jina la Scania. Ghala zetu hazijapona mpaka leo. Inzi wa embe kutoka Asia aligunduliwa Kenya mwaka 2003, na mwaka huo huo akapatikana Tanzania.

Yafaa mabwana shamba wa nyanda za juu wapewe mitego. Si kitu cha gharama: kopo la plastiki lenye matundu madogo, na siki ndani yake. Kilicho adimu ni jicho lililofundishwa kumtofautisha na ndugu zake, na hapo Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu haina budi kutoa picha na maelezo kwa Kiswahili chepesi. Dawa za kupulizia hazimfikii funza aliye ndani ya tunda. Mkulima na achume mapema na mara kwa mara, na matunda yaliyoanguka ayafunge ndani ya mfuko wa plastiki na kuuacha juani. Mitego hiyo iwe imetundikwa kabla plamu za Lushoto hazijaanza kuiva.