Ajali Hii Ina Kinga

Kila inapotokea ajali kazini, wapo wanaojifariji kwa msemo wa siku nyingi kwamba ajali haina kinga. Msemo huo una hekima yake mbele ya mambo yasiyozuilika. Lakini hauna nafasi kwenye mashine ya kukatia vyuma na matofali ambayo mafundi wetu huiita grenda. Mashine hiyo hutoka kiwandani ikiwa na kinga, yaani kile kifuniko cha chuma kinachofunika nusu ya jiwe lake la kukatia. Sisi wenyewe ndio tunaoifungua kinga hiyo na kuitupa pembeni. Kisha damu ikimwagika tunasema ni amri ya Mungu.

Tunawaandikia watumishi wa umma na walimu kwa sababu maalumu. Mwaka 2016 taifa lilipoitikia wito wa kutengeneza madawati, na mwaka 2021 lilipoamua kujenga madarasa 15,000 kwa fedha za kukabili athari za UVIKO-19, kazi kubwa ilifanywa na mafundi wa hapo hapo wilayani. Katika utaratibu huo, mwalimu mkuu na kamati yake hushiriki kununua vifaa, kupatana na fundi na kuidhinisha malipo. Maana yake ni kwamba mwalimu amekuwa msimamizi wa ujenzi, na uwanja wa shule umekuwa mahali pa kazi.

Msimamizi hana budi kujua hatari anayoisimamia. Grenda ndogo hutumia jiwe lenye kipenyo cha milimita 115, na huzunguka kiasi cha mara 11,000 kwa dakika. Mwalimu wa hesabu akiipiga hesabu hiyo ubaoni ataona kwamba ukingo wa jiwe hukimbia zaidi ya kilomita 230 kwa saa. Jiwe likipasuka, vipande vyake huruka kwa kasi hiyo hiyo kuelekea uso, shingo au tumbo la aliye mbele yake.

Mara nyingi kinga huondolewa ili fundi apachike jiwe kubwa kuliko mashine. Jiwe la milimita 230 limeandikwa kwamba lisizidi mizunguko 6,600 hivi kwa dakika. Kulipachika kwenye grenda ndogo ni kulilazimisha lizunguke kupita kiasi hicho kwa theluthi mbili. Huo si ufundi, ni kucheza na mauti. Hatari vilevile ni kufunga msumeno wa mbao kwenye grenda, au kusagia kwa ubavu wa jiwe jembamba lililotengenezwa kwa kukata tu.

Utaratibu ulio salama si mgumu. Jiwe likaguliwe kabla ya kufungwa. Lenye ufa, lililolowa au lililopita tarehe iliyochapwa juu yake litupwe. Plagi ichomolewe kwanza kila jiwe linapobadilishwa. Chuma kibanwe kwenye jiliwa, kisishikiliwe kwa mguu. Mashine ishikwe kwa mikono miwili, na mpini wake wa pembeni uwepo. Fundi avae miwani ya kinga, na nguo zisizoning'inia. Cheche zisielekezwe penye petroli, mitungi ya gesi wala watu.

Ipo pia hatari isiyotoa damu, nayo ni vumbi. Zege, matofali ya saruji na mawe mengi yana silika. Yakikatwa, chembe zake ndogo hupenya hadi ndani ya mapafu na kuyatia makovu. Maradhi hayo, silikosisi, hayana tiba, na mwenye nayo hushikwa kwa urahisi na kifua kikuu. Aidha, silika inayovutwa hivyo husababisha saratani ya mapafu. Kitambaa kilichofungwa puani hakizuii chembe hizo. Inatakiwa barakoa maalumu ya vumbi. Kazi hiyo ifanywe nje, mbali na madarasa, watoto wakiwa wamekwenda nyumbani. Inapowezekana itumike mashine iliyoundwa kukata kwa maji. Lakini kumwagia maji grenda ya kawaida ya umeme ni kukaribisha kifo kingine.

Wapo watakaosema kwamba fundi ndiye mzembe. Hatukubaliani nao. Fundi anayelipwa kwa idadi ya madawati, na ambaye hakupewa miwani, huchagua mkate wa leo kuliko jicho la kesho. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri awapatie wafanyakazi vifaa vya kujikinga. Kusema kwamba huyu ni fundi wa kutwa tu ni kukwepa wajibu wa kiutu.

Kwa hiyo tunatoa wito. Kila orodha ya vifaa vya ujenzi wa shule au zahanati, penye saruji, nondo na mabati, iandikwe pia miwani, barakoa na mawe ya kipimo sahihi. Mhandisi wa halmashauri asikague ukuta tu, aikague na mashine. Na mwalimu akiona grenda isiyo na kifuniko katika uwanja wake, aisimamishe kazi hapo hapo, bila kuona haya. Darasa linaweza kuchelewa siku moja na lisipungukiwe na kitu. Jicho likishatoka halirudi.